Ramani yangu ya kuzaliwa ilikuwa na saa isiyo yangu, lakini ilinisaidia: nilichojifunza kilitoka wapi?

Binti wa Himbi, Goma

Nawasalimu nyote. Nina swali ambalo nimelibeba kwa wiki tatu sasa, nami naomba mnijibu kwa upole hata kama baadhi yenu mnaona kwamba jambo lenyewe halistahili kuulizwa.

Miaka miwili iliyopita, uchumba wangu ulipokuwa umevunjika na kazi niliyoitegemea imekwisha, rafiki yangu mmoja alinionyesha programu ya simu inayochora ramani ya anga ya siku mtu alipozaliwa. Niliingiza tarehe yangu, 27 Oktoba 1996, na mji wangu, Goma. Ikanitolea duara lenye buruji kumi na mbili, yaani sehemu kumi na mbili za njia ya jua angani, kila moja na jina lake: jua langu likiwa katika Nge, mwezi wangu katika Ng'ombe, na buruji iliyokuwa ikichomoza upande wa mashariki nilipozaliwa ikiwa Ndoo. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonishika. Maelezo yake yalisema kwamba mtu wa Ndoo huonekana kuwa rafiki wa kila mtu ilhali ameweka umbali moyoni, na kwamba ni rahisi kwake kuwahurumia watu elfu asiowajua kuliko kumfungulia mlango mtu mmoja anayempenda. Niliyasoma maneno hayo usiku, umeme ukiwa umekatika, nikalia. Lilikuwa ndilo jambo ambalo mchumba wangu alijaribu kuniambia kwa mwaka mzima nami nikakataa kulisikia.

Tangu usiku ule nina daftari. Mwezi unapoandama ninaandika jambo moja ninalotaka kulirekebisha katika tabia yangu, na unapopevuka ninarudi kutazama nimefika wapi. Kwa njia hiyo nilimwomba dada yangu msamaha kwa maneno niliyomwambia kwenye matanga ya baba, nikajifunza kusema "nimeumia" badala ya kunyamaza siku tatu. Hata baada ya Januari 2025, mji wetu ulipobadilika katika muda wa siku chache na kila mtu akawa anaulizana na mwenzake kesho itakuwaje, daftari hilo lilinipa mahali pa kusimama.

Wiki tatu zilizopita nilitaka kumchorea mdogo wangu ramani yake. Ndipo nilipogundua kwamba mahali pa saa ya kuzaliwa mimi nilikuwa nimepaacha wazi, na programu ikajijazia yenyewe saa sita ya mchana. Mimi sikuzaliwa mchana. Mama amesema siku zote kwamba nilizaliwa usiku wa kuamkia Jumapili. Kwa hiyo Ndoo si yangu, wala haikuwahi kuwa yangu.

Naomba mnisaidie hapa. Ikiwa ramani ilikuwa na kosa, kile nilichokijua juu yangu kilitoka wapi? Je, kuna njia ya kuipata saa ya kweli, maana cheti changu cha kuzaliwa kina tarehe peke yake? Na je, mtu anaweza kuzitumia nyota ili ajijue bila kugeuka mtumwa wake? Katika shirika letu la parokia wapo wanaouita huo uganga, nami sipendi kuishi na jambo ninalolificha.

Mwalimu wa Bagira, Bukavu

Dada yangu, nimefundisha fizikia na jiografia kwa miaka mingi, na mara chache nimeulizwa swali zuri kama hili lako la kwanza. Niruhusu nianze na la pili, kwa sababu anga lina jibu lake.

Dunia hujizungusha mara moja kwa siku, kwa hiyo duara lote la buruji kumi na mbili huchomoza mashariki katika muda wa saa 24, na kila buruji huchukua saa mbili hivi. Ukikosea dakika 4 umesogea karibu digrii moja. Ukikosea saa sita au nane umebadilisha kabisa ramani. Ungezaliwa usiku wa manane, wanajimu wangekupa Simba. Ungezaliwa karibu na alfajiri, wangekupa Mizani. Ongeza tatizo la nchi yetu: Kongo ina majira mawili ya saa, na Goma iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Anayechora ramani ya mtu wa Kivu huku programu imeshika saa za Kinshasa anaanza na kosa la digrii 15 hivi.

Lakini una shahidi ambaye wengi hawana. Mwezi ulipevuka tarehe 26 Oktoba 1996, muda mfupi baada ya saa kumi za alasiri kwa saa za Goma. Usiku wa kuamkia tarehe 27, basi, ulikuwa usiku wa mbalamwezi. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama, hufika juu kabisa karibu na saa sita ya usiku, na huzama jua linapochomoza. Kwa Goma maana yake ni kwamba jioni ulikuwa upande wa Gisenyi, usiku wa manane ulikuwa karibu na utosi, na alfajiri ulikuwa ukishuka juu ya vilima vya Sake. Usimuulize mama yako ilikuwa saa ngapi, kwa sababu mwanamke mwenye uchungu hatazami saa. Muulize kama aliuona mwezi, na ulikuwa wapi.

Sasa swali lako la kwanza. Nitakwambia jambo ambalo huenda likakusumbua zaidi kuliko saa ya kuzaliwa. Unasema jua lako liko katika Nge. Kwa hesabu ya vitabu vya Ulaya, ndiyo. Kwa hesabu ya wanajimu wa India, ambao hupima kwa kufuata nyota zenyewe, siku hiyo hiyo jua lilikuwa katika Mizani. Na kama ungeweza kulizima jua ukaona nyota zilizokuwa nyuma yake, ungekuta kundi la Mashuke. Anga ni moja, majina ni matatu. Sababu ni kwamba mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia ya watoto inayokaribia kuanguka, na huhitaji miaka 26,000 hivi kumaliza mzunguko mmoja. Hipparchus, Mgiriki wa karne ya pili kabla ya Kristo, aliligundua jambo hilo. Kila miaka 72 buruji za vitabuni na nyota za angani huachana kwa digrii moja, na tangu zama za Wagiriki hadi leo zimeachana karibu kwa buruji nzima. Mipaka ya makundi ya nyota inayotumiwa na wanasayansi ilichorwa na Mbelgiji, Eugène Delporte, ikachapishwa mwaka 1930, na kwa mipaka hiyo jua hupita katika makundi kumi na matatu. Lile la kumi na tatu, Mbeba Nyoka, halina nafasi katika programu yako.

Kwa nini basi uliyasoma maneno ya Ndoo ukalia? Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la tabia, kisha akamrudishia kila mmoja maelezo yaliyodaiwa kuwa yake peke yake. Wanafunzi walipoulizwa yanawafaa kiasi gani, wastani ulizidi 4 kati ya 5. Wote walikuwa wamepewa karatasi ya aina moja, iliyotungwa kwa sentensi kutoka katika kitabu cha unajimu kilichouzwa barabarani. Mfaransa Michel Gauquelin alikwenda mbali zaidi: alitangaza katika jarida kwamba angetuma maelezo ya nyota bila malipo, akawatumia watu wote maelezo yaliyotengenezwa kwa tarehe ya daktari Marcel Petiot, muuaji aliyekatwa kichwa kwa gilotini mwaka 1946. Kati ya watu 150 wa kwanza waliojibu, asilimia 94 walisema wamejitambua humo. Na mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson, ambamo wanajimu 28 walipewa ramani ya mtu pamoja na maelezo matatu ya tabia, moja likiwa la mwenye ramani. Walipatia mara moja katika tatu, kama mtu anayechagua akiwa amefumba macho.

Siyaandiki haya ili nikunyang'anye daftari lako. Umbali ule moyoni unao. Mchumba wako aliuona kabla ya programu. Karatasi ilikuja usiku ambao hukuwa na mtu wa kumbishia, ndiyo maana ukaisikia. Kazi ya kuomba msamaha haikufanywa na Ndoo wala na sayari yoyote. Ninachokiogopa ni kwamba njia ile ile iliyokufanya uamini neno la kukufaa inaweza kesho kukufanya uamini neno la kukuharibu, kwa mfano kwamba wewe ni mtu asiyeweza kuolewa.

Mama wa Kamalondo, Lubumbashi

Mwalimu, nimekusoma mara mbili, na kwa upande wa hesabu sina la kukupinga. Hata hivyo nimeishi na ramani ya nyota kwa miaka kumi na saba, na naona umemjibu mtu anayetabiri, ilhali binti yetu hakuuliza habari za utabiri.

Inafaa ajue kwamba njia hii ya kusoma nyota ili kuijua nafsi ni changa kuliko watu wanavyodhani. Wazee wa Babeli waliitazama anga kwa ajili ya mfalme, vita na mavuno. Ptolemy wa Aleksandria, katika karne ya pili, aliandika habari za umbo la mwili, maradhi, ndoa na mali, na tabia ya mtu ilikuwa mlango mmoja tu kati ya milango mingi. Aliyeigeuza shingo ya elimu hii ni Mwingereza Alan Leo. Alishtakiwa London mwaka 1914 kwa kosa la kuagua bahati, akaachiliwa. Akashtakiwa tena mwaka 1917, akatozwa faini, na akafariki mwaka huo huo. Alijitetea kwamba yeye huonyesha mielekeo ya mtu tu. Baada yake Dane Rudhyar, aliyezaliwa Paris mwaka 1895 akahamia Marekani, alichapisha mwaka 1936 kitabu kilichosema kwamba ramani ya kuzaliwa ni kama mbegu, na kwamba swali la kuuliza ni mtu huyu anaweza kukua kuwa nani. Zile safu za magazeti zinazokwambia leo utapata fedha zilizaliwa kando, mwaka 1930, gazeti moja la Uingereza lilipomwomba R. H. Naylor aandike nyota ya binti wa kifalme Margaret aliyekuwa ametoka kuzaliwa. Wengi huzichanganya njia hizo mbili, kisha huzitupa zote pamoja.

Binti yangu, nikwambie jinsi nilivyoumia ili wewe usiumie. Ninauza vitenge. Mwaka mmoja nilipata duka zuri, kodi ilikuwa ya kubebeka, na fedha za likelemba, mchango wetu wa kupokezana, zilikuwa zimenifikia wiki ile ile. Nikakataa kutia sahihi kwa sababu nilisoma kwamba sayari ya Utaridi ilikuwa inarudi nyuma, na kwamba mikataba ya kipindi hicho huvunjika. Duka likachukuliwa na mwingine, naye yupo mpaka leo. Baadaye nilijifunza kwamba Utaridi hairudi popote. Huonekana hivyo mara tatu, mwaka mwingine mara nne, kwa wiki tatu hivi kila mara, jinsi lori unalolipita ukiwa ndani ya basi la Likasi linavyoonekana kama linarudi Lubumbashi. Lakini kosa langu halikuwa la elimu ya anga. Nilikuwa naogopa kodi ya kila mwezi, nikaificha hofu hiyo nyuma ya sayari. Tangu hapo nina sharti moja ambalo sijalivunja: ramani ikinipa swali, ninalipokea, ikinipa amri au ruhusa, ninafunga daftari.

Swali la aina gani? Chukua sayari ya Zohali. Huzunguka jua kwa miaka 29 na nusu hivi, na usiku uliozaliwa ilikuwa mwanzoni mwa buruji ya Punda. Wewe umetimiza miaka 29 Oktoba iliyopita, kwa hiyo sasa inarudi mahali pale pale. Wanajimu husema kwamba huo ni wakati wa kupima mizigo. Mwalimu atasema mtu wa miaka 29 hupima mizigo yake hata asipoijua Zohali, na atakuwa amesema kweli. Lakini mimi nilipofika umri huo sikuwa nimepima kitu. Nilikuwa nakimbia kutoka sokoni hadi jikoni. Nilipoambiwa Zohali yangu imerudi, niliketi jioni moja ya baridi ya Julai, nikiwa nimejifunika shuka, nikaandika ni mizigo gani nimeibeba kwa kuwa ni yangu na ni ipi nimeibeba kwa kuwa hakuna aliyeniambia niitue. Orodha ya pili ilijaza kurasa mbili. Nilikuwa nasomesha watoto wa watu watatu ambao hawakuwahi kuniomba.

Kuhusu Ndoo, Simba au Mizani, nakushauri usiharakishe kuvaa jina jipya. Kaa kwanza bila jina. Mwezi upo, hauhitaji saa yako ya kuzaliwa, na utaratibu wako wa kuandika wakati wa kuandama na kusoma wakati wa kupevuka haukuharibiwa na kosa lolote la programu.

Katekista wa Ndosho, Goma

Dada, kwa kuwa umetaja shirika na parokia, nisingependa ubaki na neno la kuokota njiani. Kanisa limesema wazi. Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992, namba 2116, inazitaja nyota za kutabiria pamoja na unajimu na kusoma viganja vya mikono, na inavikataa kwa sababu ndani yake mna tamaa ya kutawala wakati na historia. Soma sababu hiyo taratibu. Haikatazi kuutazama mwezi, wala kuandika katika daftari, wala kujiuliza umemkosea nani.

Mtakatifu Augustino alikuwa mwanafunzi wa wanajimu katika ujana wake, hapa hapa barani Afrika, nao marafiki walimshauri aache akawa hasikii. Anasimulia kwamba kilichomtoa ni habari aliyopewa na rafiki yake Firminus. Baba yake Firminus na rafiki wa baba huyo walikuwa wapenzi wa nyota kiasi cha kuandika saa za kuzaliwa hata za wanyama wa nyumbani. Ikatokea mama yake Firminus na mjakazi wa yule rafiki wakajifungua wakati ule ule, kiasi kwamba wajumbe waliotumwa kutoka nyumba zote mbili walikutana katikati ya njia. Nyota zilikuwa zile zile bila tofauti. Firminus alikua katika mali na heshima, na yule mtoto wa mjakazi alibaki mtumwa. Augustino akatambua kwamba mnajimu angetaka kusema kweli, ingembidi aseme mambo mawili tofauti kwa ramani moja.

Nakupa na kitu cha kushika mkononi. Wajesuiti, ambao Bukavu inawafahamu kwa Chuo cha Alfajiri, wanafundisha zoezi la mtakatifu Inyasi, mwanzilishi wao, la kuichunguza siku: kushukuru, kuomba mwanga, kuipitia siku saa kwa saa, kuomba msamaha, na kuitazama kesho. Ulichokuwa unakifanya mara mbili kwa mwezi unaweza kukifanya kila jioni, na yule utakayekuwa unazungumza naye atakujibu.

Mama wa Kamalondo, Lubumbashi

Katekista, habari hiyo ya Firminus inanikumbusha nyumba ya jirani. Ni Wakasai, wana mapasa, na kama ilivyo desturi yao wa kwanza ni Mbuyi na wa pili ni Kabanga. Walipishana kwa dakika chache, na Mbuyi hukopesha watu asiowajua ilhali Kabanga huhesabu hata viberiti. Wanajimu hujibu kwamba dakika chache zinatosha kubadilisha ramani. Nilikuwa nikilisema jibu hilo mimi mwenyewe, mpaka nilipojiuliza kwa nini basi tunakubali kuwasomea watu wasiojua hata kama walizaliwa asubuhi au jioni. Hapo sina la kujitetea.

Mzee wa Kasongo, Bukavu

Wanangu, nimefurahi kuona mambo haya yakizungumzwa kwa adabu. Kwetu Maniema, kwa walimu wa chuo cha Kurani, tulifundishwa kutenganisha vitu viwili. Elimu ya falaki ni hesabu: humwonyesha mtu saa za sala, upande wa kibla na kuandama kwa mwezi, nayo ni elimu ya heshima. Kuzipa nyota uwezo wa kuamua riziki ya mtu ni jambo lingine, na wanachuoni wamelikataa tangu zamani; Ibn Khaldun, katika karne ya kumi na nne, alitenga sehemu nzima ya utangulizi wake mashuhuri wa historia ili kuonyesha udhaifu wake na madhara yake kwa watu na kwa dola.

Waswahili wa pwani walilitazama kundi la nyota la Kilimia na kulipa jina hilo kwa sababu ya kulima, wakasema, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Nyota ilikuwa saa ya shamba. Haikumwambia mkulima yeye ni mtu wa namna gani. Ilimwambia ashike jembe.

Kilichonifanya niandike ni hatari ambayo hamjaitaja. Binti yangu, ukishazoea kusema "nyota yangu", atakuja mtu kukwambia kwamba nyota hiyo imefungwa, imechafuliwa au imechukuliwa, na kwamba yeye anajua kuisafisha. Kijana mmoja wa mtaa wetu alilipa dola 150 asafishwe nyota ili apate kazi. Alipewa maji ya kuoga na dawa ya kuchoma, akaambiwa mwenye kumfunga ni shangazi yake. Kazi hakupata, na shangazi aliyemlea hawasalimiani hadi leo. Siku utakayosikia neno kusafisha nyota, ondoka hata kama anayelisema amevaa kanzu au ameshika Biblia.

Binti wa Himbi, Goma

Mwalimu, Mama, Katekista, Mzee, nawashukuru kila mmoja kwa nafasi yake. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilifanya kwanza kama Mwalimu alivyoniagiza.

Jumamosi jioni, tukiwa tunachambua maharage, nilimuuliza mama kama aliuona mwezi usiku nilipozaliwa. Aliacha maharage. Alisema kwamba hakuna mtu aliyewahi kumuuliza habari za usiku ule, hata baba, kwa kuwa baba alikuwa amekwenda kutafuta gari la kututoa mjini akarudi asubuhi bila gari. Siku ile nzima watu walikuwa wakiingia kutoka upande wa Kibumba wakiwa na magodoro vichwani, na milio ya silaha nzito ilisikika mpaka ndani ya wodi. Mkunga alibaki peke yake na mshumaa mmoja, akauzima ili mwanga usionekane nje. Nilizaliwa kwa mwanga wa mwezi ulioingia dirishani. Mama anakumbuka kwamba ulikuwa chini sana, juu ya vilima vya upande wa Sake, mkubwa na mwekundu kidogo, na kwamba nilipolia jogoo walikuwa wameshaanza kuwika. Siku tano baadaye, tarehe 1 Novemba, mji ulikuwa umetekwa.

Kisha akanieleza jambo ambalo sikuliuliza. Kwa majuma sita hakunipa jina. Alininyonyesha na kunifunika, lakini alijizuia kunizoea, kwa sababu alikuwa ameona wanawake wawili wakizika watoto wao kando ya barabara, na alihisi kwamba akiniita jina hataweza kunizika. Alilisema hilo huku akitazama ungo. Aliniomba nisikasirike. Niliuliza ni nani aliyenipa jina mwishowe, akasema ni bibi, aliyefika kutoka Rutshuru kwa miguu, akamkuta mama ananiita "huyu".

Tulizungumza mpaka maharage yakasahauliwa na mtaa wote ukawa umelala. Niliporudi chumbani niliandika kurasa nne, na sikuweka humo neno Ndoo hata mara moja. Katekista, usiku huo nilijaribu zoezi lako la kuipitia siku, nami nililala kabla ya kufika kwenye kesho. Mzee, nimelisikia onyo lako, na nimemwambia mdogo wangu pia.

Mwalimu, kwa mwezi ulio chini namna hiyo na jogoo wanaowika, nimekadiria saa kumi na nusu au kumi na moja za alfajiri. Programu inasema kwamba kwa saa hiyo buruji yangu ni Mizani. Maelezo yake yapo hapa kwenye simu, bado sijayafungua. Mama amesema kwamba keshokutwa, tukipata nafasi, atanieleza jinsi bibi alivyofika.